Nguruwe wa Kuchoma: Namna ya Kumpika na Kumwandaa

Ukipita jioni mjini Bukoba au katika vituo vya Muleba, hukosi kusikia harufu ya nguruwe akichomwa juu ya makaa, na ndizi kandoni mwake. Watu humwita kitimoto. Chakula hiki ni kitamu, lakini mpishi asiyejua kazi yake aweza kuleta msiba nyumbani.

Watu wa Korea Kusini nao huchoma nyama hii, nao huiita samgyeopsal, yaani nyama ya tabaka tatu, kwa sababu hukatwa tumboni, mahali penye mistari ya nyama na mafuta. Huichoma mezani, huikata kwa mkasi, kisha kila mtu hukifunga kipande chake katika jani la saladi pamoja na kitunguu saumu. Tujifunze kwao jambo moja: kipande chembamba huiva upesi mpaka ndani, kinene huungua nje, ndani kikabaki kibichi.

Ubichi huo ndio adui. Nguruwe azururaye hula kinyesi cha mtu mwenye tegu, na mayai ya tegu hugeuka malengelenge katika nyama yake, meupe kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva, tegu hukua tumboni mwake hata kufikia meta kadhaa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu mwingine akiyameza kwa mikono au maji machafu, hata kama hajapata kula nguruwe maishani mwake, malengelenge yaweza kuota katika ubongo wake na kumletea kifafa. Sababu za kifafa ni nyingi, lakini hii twaweza kuizuia. Basi mwenzetu akianguka kifafa, tusiseme amerogwa, wala tusimkimbie. Kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa.

Namna ya kupika

1. Nunua nyama iliyokaguliwa. Ukiona punje nyeupe, usiinunue. Mwarifu bwana mifugo.
2. Nawa mikono kwa sabuni. Kata vipande vyembamba, utie chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu.
3. Choma juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto, ukigeuza mara kwa mara.
4. Pasua kipande kimoja. Kikiwa na wekundu ndani, rudisha motoni.
5. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kabla ya kukatia kachumbari.

Kuandaa

Tandika jani la mgomba lililooshwa, weka nyama, ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili kando. Katika karamu wamo Waislamu na Wasabato wasiokula nyama hii. Wapikiwe chakula chao katika vyombo vyao, nao waambiwe wazi kilichomo katika kila sinia. Kumficha mgeni ni kumvunjia heshima.

Maswali

1. Kwa nini vipande vikatwe vyembamba?
2. Mtu asiyekula nguruwe aweza kupataje ugonjwa huu?
3. Choo na banda la nguruwe nyumbani kwenu vikoje? Mweleze mzazi wako ulilojifunza.