Buti Lako Limetoka Wapi? Namna ya Kuikagua Kampuni Kabla ya Kununua

Umelishika buti la Timberland, dukani au kwenye meza ya mitumba, na muuzaji anakuambia kampuni hii inajali mazingira na watu. Utajuaje kama ni kweli? Huhitaji utaalamu. Lifuate buti kinyumenyume, kutoka kwenye lebo hadi malishoni alikokula ng'ombe. Gharama yake ni bando la intaneti tu.

Anza na lebo. Nchi iliyoandikwa pale ni ile ambako kazi ya kulitengeneza ilimalizikia; haikuambii ngozi ilitoka wapi. Kwa hiyo fungua tovuti ya Open Supply Hub, daftari la wazi la viwanda duniani, ambalo ni bure kusoma. Tafuta jina la kampuni uone viwanda vinavyoifanyia kazi na mahali vilipo. Kama unakagua nguo, tafuta Kenya pia, maana Athi River kuna viwanda vinavyoshona nguo za soko la Marekani. Mimi naithamini orodha ya namna hii kuliko ahadi yoyote. Mshonaji aliyepunjwa ujira, au chama chake cha wafanyakazi, akijua kiwanda chake kinamshonea nani, anajua pa kupeleka malalamiko.

Utasikia pia kwamba tangu 1992 Timberland huwapa wafanyakazi wake saa za kujitolea kwa jamii huku wakilipwa, na kwamba tangu 2001 imesaidia kupanda miti katika jangwa la Horqin, China. Ni mambo mema. Ila mshonaji wa kiwandani mara nyingi ameajiriwa na kampuni nyingine kabisa, na hali yake haionekani humo. Iulizie kando.

Sasa ngozi. Ngozi mbichi huoza, kwa hiyo husindikwa, na viwanda vingi hutumia chumvi za kromiamu. Maji machafu yakimwagwa bila kusafishwa, mto na watu wanaochota maji yake huumia. Tangu 2005 kuna umoja uitwao Leather Working Group, unaokagua viwanda vya ngozi na kuvipa daraja la dhahabu, fedha au shaba. Orodha iko kwenye tovuti yao, bure. Iulize kampuni: ngozi yenu imesindikwa kiwanda gani, na kina daraja gani?

Je, barua ya mteja mmoja ina maana? Mwaka 2009 shirika la mazingira la Greenpeace lilitoa ripoti kuhusu ngozi ya ng'ombe waliofugwa palipokatwa msitu wa Amazon, Brazili. Mkurugenzi mkuu wa Timberland wakati huo, Jeff Swartz, alipokea barua pepe takribani 65,000 za watu waliolalamikia jambo hilo. Kampuni ikambana msambazaji wake wa ngozi, Bertin, naye mwaka huohuo akakubali kuacha ng'ombe wa maeneo yaliyofyekwa upya. Barua hizo ziliandikwa moja moja, kwa hiyo andika na wewe. Taja bidhaa uliyonunua, uliza swali moja au mawili, na omba jina la kiwanda. Wakikujibu kwa maneno matamu yasiyo na jina, andika tena.

Na buti likichakaa? Kwa walioko Marekani, mwaka 2021 Timberland ilianzisha mpango wa Timberloop wa kupokea bidhaa zake zilizotumika. Uliza dukani kabla ya kutupa. Kwa sisi wengine, tegemeo ni fundi viatu. Fahamu kwamba buti la manjano la Timberland la 1973 lilipata sifa kwa sababu soli yake iliunganishwa na ngozi kwa joto, bila uzi, maji yasipenye. Kwa hiyo fundi hawezi kuifumua kama soli ya kushona, hulazimika kuikata. Mpelekee mapema, soli ikiwa bado nene, ili apate pa kubandikia mpya, na mpatane bei kabla hajaweka kisu.