Ulinikopesha au Ulinisaidia?

Katika somo hili tutamtembelea mwalimu wa zamani sana, Aristotle wa Ugiriki. Alizaliwa mwaka wa 384 kabla ya Kristo, akaenda Athene akiwa kijana wa miaka 17, akakaa karibu miaka 20 katika shule ya Plato. Baadaye alianzisha shule yake mwenyewe. Kitabu chake cha maadili kina sehemu 10, na sehemu mbili nzima, ya 8 na ya 9, zinahusu urafiki. Tumemchagua kwa sababu humo alieleza jambo ambalo huvunja vikundi vyetu mpaka leo.

Alisema urafiki ni wa aina tatu. Kuna wanaopendana kwa sababu kila mmoja anapata faida kwa mwenzake. Kuna wanaopendana kwa sababu wanafurahishana, na hawa wengi ni vijana. Halafu kuna watu wema ambao kila mmoja anamtakia mwenzake mema kwa ajili ya mwenzake mwenyewe. Urafiki huu wa tatu ni adimu, tena hauji haraka. Alikumbusha methali ya kwao kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Sisi nasi tukimwambia mzee amekula chumvi nyingi, hatuko mbali naye.

Sasa kikundi chetu kiko wapi? Tuseme ukweli. Huwa tunaanza kwa faida: tunataka tangi la maji, karo ya watoto, ng'ombe wa maziwa. Si vibaya. Aristotle mwenyewe aliona kwamba hata watu wa mji mmoja walikutanishwa na faida. Lakini alionya kwamba malalamiko hutokea hasa katika urafiki wa namna hii.

Kwa nini? Hapa tusome polepole. Kusaidiana kwa faida kuna njia mbili. Ya kwanza ina masharti yaliyotajwa: nakupa hiki, utanipa kile, leo au siku fulani. Ya pili haina masharti. Mtu anatoa kana kwamba anampa rafiki zawadi, lakini moyoni anatarajia kurudishiwa sawasawa au hata zaidi, kama aliyekopesha. Ugomvi huingia pale watu walipoanza kwa njia moja, na sasa mmoja anataka wamalize kwa njia nyingine.

Tuseme mama mmoja ana mtoto amelazwa hospitali. Jirani yake wa kikundi anampa shilingi 2,000, anamwambia, "Chukua tu dada, tutaongea baadaye." Hawaongei. Miezi sita inapita. Siku ya mkutano yule jirani anakosa pesa ya mchango, anasema mbele ya watu wote, "Huyu si ana pesa yangu!" Mwenzake anashtuka: "Kwani hukunisaidia?" Kila mmoja anaamini anasema kweli. Tangu siku hiyo hawaketi benchi moja, na wanakikundi wengine wanaanza kuchagua upande. Hata siku hizi pesa ikitumwa kwa simu, ujumbe unaonyesha kiasi, tarehe na saa, lakini hausemi ilikuwa mkopo au la.

Aristotle alisikiliza hata maneno ya ugomvi huo. Aliyepokea hupunguza: kwako kilikuwa kitu kidogo, hata mwingine angenipa. Aliyetoa huongeza: nilikupa kikubwa nilichokuwa nacho, tena wakati wa shida. Utafikiri alikuwa ameketi katika baraza la wazee wa kwetu! Uamuzi wake ni kwamba penye urafiki wa faida, kipimo ni faida aliyoipata mpokeaji, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa na haja. Arudishe kiasi alichosaidiwa, na akizidisha ni vizuri zaidi.

Tena alishauri kwamba tangu mwanzo tuangalie ni nani anayetutendea wema na kwa masharti gani, ili tukubali au tukatae. Basi kuuliza ni kazi ya mpokeaji. Kwetu hii ni aibu. Mwenye shida akiuliza, "Ni mkopo ama ni msaada?" ataonekana hana shukrani. Sisi tunaona kikundi kinaweza kumpunguzia aibu hiyo. Katibu atenge kurasa mbili. Mkopo uandikwe kiasi, tarehe ya kurudisha, na sahihi za wote wawili. Msaada uandikwe jina na kiasi, kisha upigwe mstari, hakuna kudai tena.

Wengine watasema kuandikiana kunaua upendo. Ni kweli Aristotle alisema marafiki wema hawalalamikiani, bali hushindana kutendeana mema. Lakini kikundi kipya cha watu 25 hakiwezi kuanzia hapo. Chumvi bado haijaliwa.

(Si kila neno lake tunalipokea. Alitetea utumwa, na aliamini kwamba mwanamume kwa asili ndiye wa kumtawala mwanamke. Kina mama wanaoongoza vikundi wameshamjibu.)

Ya kujadiliana: Fungueni kitabu cha kikundi chenu. Je, kuna pesa, mbegu au siku za kazi ambazo hamjui kama zilikuwa mkopo au msaada? Nani aulizwe kwanza, aliyetoa ama aliyepokea? Na wasipokubaliana, kikundi kitatumia kipimo gani?