BASI YA UMEME ISIYO NA WAYA (Léopoldville, 1955–1959)



Juma lililopita, saa ya masomo ya jioni, ndugu mmoja mdogo alituuliza namna gani watu wa miji mikubwa wanasafiri kwa tramu. Kabla hatujajibu, mwenzake akadakia: "Hata kwetu Kongo walileta basi ya umeme, madereva wakaiua." Neno hilo lilituuma. Ndiyo maana sisi wafinalisti tumeandika somo hili.

Tramu ni gari linalopita juu ya reli ndani ya barabara ya muji. Zamani ilivutwa na farasi. New York walianza 1832. Mwaka 1881, kule Lichterfelde karibu na Berlin, Siemens akaiendesha kwa umeme. Mombasa nao walikuwa na vigari vyao juu ya reli, vikisukumwa na watu kwa mikono! Lakini tramu ya umeme ni mali nyingi: reli njia nzima, na waya juu njia nzima.

Kampuni ya Oerlikon ya Uswisi ikajiuliza: je, basi haiwezi kubeba umeme wake yenyewe, bila waya na bila reli? Wakatengeneza jirobasi. Muji wa Yverdon, kwao Uswisi, ulianza kuitumia 1953. Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ikafuata 1955.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo fizikia iko. Chini ya sakafu ya basi kulikuwa gurudumu zito la chuma, la tani moja na nusu hivi, limelala kama sahani. (Wafundi wanaliita volani. Musichanganye na volani ambayo dereva anashika mukononi.) Basi ikifika kwenye kituo, inainua vyuma vitatu juu ya paa, vinagusa nguzo yenye umeme. Mota inazungusha gurudumu lile mpaka mara 3,000 kwa dakika moja. Halafu vyuma vinashuka, basi inaondoka. Gurudumu linaendelea kuzunguka, na mota ileile sasa inageuka dinamo: inatoa umeme wa kuendesha magurudumu ya chini. Kazi hiyo ya kujaza ilichukua dakika chache tu, na kwenye njia tambarare basi iliweza kwenda karibu kilometa 6.

Anayeona ni hadisi aende kwenye mashini ya kusaga mihogo. Fundi akizima mota, lile gurudumu kubwa halisimami mara moja. Unga unaendelea kushuka kidogo. Ama aangalie chukudu yenye mzigo: ikiteremka mlima, mwendo wake unaisaidia kupanda kilima kinachofuata. Na kumbukeni kanuni: mwendo wa kuzunguka ukiongezwa mara mbili, nguvu iliyowekwa ndani inakuwa mara nne. Ndiyo sababu walitafuta mizunguko mingi kuliko kuongeza chuma.

Léopoldville walikuwa na jirobasi 12 na njia nne. Kila moja ilikuwa na urefu wa metre 10 na zaidi, na iliweza kubeba watu hata 90. Vituo vya kujaza viliwekwa karibu kila kilometa 2. Hakuna muji mwingine uliopata jirobasi kubwa kama zile.

Mwaka 1959 zikasimamishwa. Je, madereva waliziua? Ni kweli walikata njia za mkato zisizo na lami, na mvua ikinyesha zilikuwa matope matupu. Sisi wa Kitshanga hatuhitaji kuelezwa matope yanafanya nini gari la tani 10. Lakini hayo siyo yote. Vibilia vilivyoshika gurudumu vilivunjika-vunjika. Unyevu wa hewa ulichosha mota. Zaidi ya yote, kila kilometa ilikula umeme wa kilowati-saa 3.4. Hesabuni wenyewe: ni taa ya wati 100 ikiwaka saa 34, kwa kilometa moja tu! Kampuni ya mabasi ikaona haiwezi kulipa.

Tena Gent, kule Ubelgiji, walikuwa na jirobasi tangu 1956. Nazo zikasimama mwaka uleule 1959. Yverdon waliacha 1960. Kule nako ni madereva wa Kongo? Sisi tunaona kosa la dereva lilikuwa dogo mbele ya bei ya umeme, na anayesema kinyume alete hesabu yake.

Kwa wale wa darasa la sayansi: chukueni sahani ya chuma ya kilo 1,500, nusu-kipenyo metre 0.8, mizunguko 3,000 kwa dakika. Tafuteni nguvu iliyo ndani. Sisi tumepata karibu kilowati-saa 6.6. Atakayepata tofauti atuone siku ya tano, saa ya masomo ya jioni, na chaki yake.