Tanuru Linawaka, na Saa ya Sala Imefika

FUNDISHO LA MAKUNDI

Maandiko ya kusoma mbele ya fundisho: Nehemia 1 na 2:1-8, Danieli 6:1-11, Luka 10:38-42, Matendo 18:1-5.

Fundisho hili ni la akina papa na akina mama, vijana na watoto wa makundi yote ya Bengamisa na ya barabara ya Buta.

Swali limewafikia wazee, tena si mara moja. Mtu amewasha tanuru la makala huko porini, na siku ya Yenga imefika. Aache tanuru aje kusali, ama akose sala na kulinda tanuru? Wengine wamejibu upesi: mwenye imani anaacha vyote. Wengine wamejibu upesi vilevile: Mungu anajua shida zetu, hawezi kumkasirikia mtu anayetafutia watoto chakula. Sisi tunaona majibu yote mawili yametoka mdomoni mbele ya kupita moyoni. Ndiyo sababu tumeweka fundisho hili, tulichunguze pamoja.

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana ni vibaya kuhukumu kazi usiyoijua. Wale ambao hawajachoma makala wanadhani ni kutia moto na kwenda kulala. Sivyo. Mti unakatwa, unaachwa ukauke kidogo, unapangwa, unafunikwa kwa majani na udongo, kiisha moto unatiwa. Kuanzia hapo, kwa siku nyingi, hata juma moja au mawili kama tanuru ni kubwa, mwenyewe anapashwa kulizunguka mchana na usiku. Moshi mweupe na mzito unaonyesha kwamba mti bado unatoa maji yake. Moshi ukiwa mwembamba, wenye rangi ya bluu, makala yamekaribia. Udongo ukipasuka mahali, upepo unaingia, na jasho la mwezi mzima linageuka majivu kwa usiku mmoja. Ndani ya tanuru lile mna feza za masomo ya watoto, mna dawa, chumvi na sabuni. Anayesema "acha tanuru" ajue ni kitu gani anachosema.

Tena si makala peke yake. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanafika shambani mbele ya jua, na mama na watoto wanapashwa kuwa pale wakipiga kelele mpaka jioni, siku zote, kwani ndege hawajui Yenga. Muhogo uliolowekwa ukishalainika haungoji mtu amalize kufunga. Na yule anayesukuma kinga yenye magunia kutoka hapa mpaka Kisangani, kilometa 50 hivi, kuvuka Lindi na kuvuka Tshopo, anaondoka usiku ili jua lisimkute njiani pamoja na mzigo. Tukihesabu hivi, saa ya sala ambayo haina kazi juu yake haipo kabisa.

Zamani lokole ililia, na wote wakaisikia mara moja, aliye shambani na aliye mtoni. Mmisionari mmoja wa Yakusu, John Carrington, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka wa 1949, akaeleza namna zinavyosema maneno ya kweli kwa sauti ya juu na ya chini. Ngoma hiyohiyo ya habari za kifo na za kuzaliwa iliita watu kwenye masomo na kwenye sala. Leo kila mtu ana saa yake ndani ya simu, na hakuna saa mbili zinazopatana. Hata pale mtandao haufiki, simu ina muziki na filamu ndani yake. Tumeona mtu aliyesema amechoka, hawezi kuamka usiku kwa sala, naye aliketi na filamu mpaka betri likaisha.

Sasa tufungue Maandiko. Nehemia alikuwa mtumishi wa mfalme, kazi yake kushika kikombe cha divai. Kazi hiyo haina nafasi ya kufikiri mambo mengine. Mfalme akitiliwa sumu, kichwa cha mshika kikombe kinakwenda. Siku moja mfalme anaona uso wake wenye huzuni, anamwuliza anataka nini. Nehemia hakuomba ruhusa aende kwenye chumba cha sala. Kati ya swali la mfalme na jibu lake yeye, akamwomba Mungu wa mbinguni, halafu akajibu. Sala ile ilikuwa ya muda gani? Labda wa kuvuta pumzi moja. Kikombe hakikuanguka, na mfalme hakujua.

Wengi wetu tunaipenda habari hii, kwa sababu tunasema: basi inatosha kusali moyoni kazini. Lakini rudini kwenye sura ya kwanza. Nehemia alipata habari mbaya za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, na neno la mfalme lilikuja mwezi wa Nisani. Ni miezi minne hivi. Katikati alilia, alifunga, alisali mchana na usiku. Ile sala fupi mbele ya kiti cha mfalme ilikuwa na mizizi ya miezi minne. Mtu ambaye hajapiga magoti tangu Pasaka, kiisha anasema "mimi nasali moyoni nikisukuma kinga", tunamwomba kwa upendo ajiulize kama kweli anasali, au anawaza tu.

Danieli naye alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliosimamia maliwali 120. Hesabu za ufalme wote zilipita mbele yao. Adui zake walitafuta kwanza kosa katika kazi yake, wakakosa. Ndipo wakatafuta katika sala yake. Mpango huo ufikiriwe vizuri. Kama wangechunguza kazi za wasali wengi wa leo, wasingefika kwenye jambo la sala. Wangemaliza mashtaka yao kwenye kazi. Yupo anayemwacha mke shambani na majani yamefunika muhogo, naye anakaa majuma matatu kwenye chumba cha sala akitafuta maono. Kufunga na kujitenga ni jambo jema, tena tumelipokea kwa wazee wetu. Lakini sala inayomwachia mwingine mzigo wako wote, huyo mwingine ndiye anayeilipa.

Tufike kwa Marta, na hapa tuseme kwa uzuri juu ya mama zetu. Sura hii imetumiwa mara nyingi kuwapiga wanawake wenye kazi nyingi. Lakini Bwana na wanafunzi wake walikuwa wageni, na wageni wanakula. Bwana hakukemea chungu. Alimwonyesha Marta mahangaiko yake, namna moyo wake ulivyogawanyika katika vitu vingi. Basi tuulize swali lisilopendwa: siku za sikukuu katika makundi yetu, nani wanaketi kusikia Neno, na nani wako nyuma kwenye moshi, wakitwanga sombe na kukunja kwanga? Wanaume wanatoka kwenye fundisho wameshiba Neno, wanaketi, wanaletewa lituma. Tungependa vijana na akina papa washike moto kwa zamu, ili mama naye asikie hata nusu ya fundisho. Mtu akicheka neno hili, acheke, halafu achukue kuni.

Katika nchi yetu wenyewe tunao ushahidi. Simon Kimbangu wa Nkamba, aliyebatizwa na Wabaptisti mwaka wa 1915, alisikia wito mwaka wa 1918 akauogopa. Alikwenda Kinshasa, akatafuta kazi ya mkono kama wengine, lakini wito ulimfuata mpaka kule, akarudi kwao. Mapokeo yanasimulia kwamba tarehe 6 Aprili 1921, ambayo ilikuwa siku ya tatu ya juma, alikuwa njiani kwenda soko. Alipopita Ngombe-Kinsuka, nguvu ilimsukuma aingie nyumba ya mwanamke mgonjwa, Kiantondo, akaweka mikono juu yake na kusali, na mama yule akapona. Angaliani mahali: si kanisani, wala si siku ya Yenga. Ni njia ya soko, siku ya kazi, na mtu mwenye mambo ya soko kichwani. Kama angesema "nitasali nikirudi", tungesimulia habari gani leo?

Na mambo yaliyofuata yanatusaidia zaidi. Watu waliacha kazi za wazungu na kwenda Nkamba kwa wingi, mpaka wakubwa wa serikali wakaogopa. Msimamizi Léon Morel alifika Nkamba tarehe 11 Mei mwaka uleule kuchungulia. Mwezi wa Septemba Kimbangu akakamatwa, na tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa kufa. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha hukumu iwe kifungo cha maisha. Akakaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, miaka 30, mpaka alipofariki humo tarehe 12 Oktoba 1951. Maelfu ya waliomfuata waling'olewa kwao wakatupwa mbali. Wengine waliletwa hapa kwetu, kwenye kambi ya kulima ya Lowa, juu ya mto ukipita Ubundu. Ilikuwa kulima kwa amri, mbali na ndugu na mbali na lugha yao. Serikali ilidhani kwamba kazi na umbali vitazima sala kama maji yanavyozima moto. Lakini mama Marie Muilu, mke wa nabii, aliendelea kulitunza kundi kwa siri huko nyumbani, nao waliofukuzwa walisali pale walipotupwa, na Desemba 24, 1959, serikali ileile ikalitambua Kanisa lao.

Kama kazi peke yake ingeweza kuua sala, ingeiua kule Lowa. Basi, sisi tunaolima shamba letu wenyewe, tena kwa uhuru, sala yetu inauawa na nini?

Tunaona mambo mawili, na la kwanza ni usalama. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana Kisangani siku 6, mabomu yakianguka juu ya nyumba za watu, hakuna aliyesema amekosa nafasi ya kusali. Watu walisali chini ya vitanda. Nafasi ilipatikana kwa sababu hofu iliitafuta. Chakula kikirudi mezani, nafasi inapotea tena.

La pili ni zito zaidi, na linasemwa kidogo. Wako ndugu wanaoiacha sala wakisema ni juu ya kazi, kumbe ni juu ya namna wanavyoifanya kazi. Gunia la makala limejazwa vumbi na vipande vibovu chini, na juu yamepangwa makala makubwa mazuri. Kopo la kupimia mpunga limepigwa tako likaingia ndani. Mtu wa hivi akipiga magoti, gunia linakuja mbele ya macho yake. Anaona afadhali asipige magoti. Mwezi unapita, mwaka unapita, na kila akiulizwa anajibu: kazi nyingi. Paulo alishona hema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na siku ya sabato alisimama katika sinagogi kufundisha. Tunaamini wanunuzi wake walikuwemo pia mle, nao walijua kama mshono unashika. Dawa ya ndugu yetu haianzi na kufunga siku tatu. Inaanza na kulimwaga gunia lile na kulijaza upya.

Sasa turudi kwa tanuru. Katika soko la Kisangani wako ndugu Waislamu tangu siku za mababu. Saa yao ikifika, mmoja anafunika vitu vyake kwa kitambaa, anakwenda kusali, na jirani anaangalia meza. Tumewaona mara nyingi, na jambo linalotugusa ni yule jirani. Tunalo likelemba la feza na la kulima. Hatuna likelemba la kulinda. Wachoma makala watatu wa kundi moja wanaweza kupatana zamu, kila mmoja akakosa Yenga moja katika tatu, badala ya wote kukosa zote. Mwenye tanuru dogo aliwashe siku ya kwanza, lipate kuzimwa mbele ya Yenga. Na yule aliye zamu, watu wawili wamfuate porini baada ya ibada, wamsimulie fundisho na kusali naye palepale, moshi ukitoka. Wenye mpunga wafanye vilevile na watoto wao, wasiachwe watoto walewale kila juma.

Wazee wanasema basi: mlinzi wa tanuru hakutenda dhambi. Lakini aliyekuwa mlinzi kila Yenga tangu Januari, na tanuru lake linawashwa kila siku ya posho jioni, tutamtembelea, naye anajua kwa nini.

Maswali ya kuzungumza katika makundi siku ya tatu jioni. Ni saa gani katika kazi yako ambapo mikono ina kazi na kichwa hakina, kama vile kutwanga, kusukuma kinga, kungoja ndoo ijae kwenye chemchemi, na wewe unajaza saa ile kwa kitu gani? Mama wa nyumba yako alisikia fundisho zima mara ya mwisho lini? Katika wachoma makala wa kundi lenu, nani na nani wanaweza kushika zamu pamoja? Majina yao apewe katibu mbele ya Yenga inayokuja, aandike na mahali tanuru lilipo na njia ya kufikia.