Nani Anaamua Tanzania Iingie Vitani?

Nchi ikivamiwa, kauli ni ya nani, Rais au Bunge? Jibu limo katika Katiba ya mwaka 1977, na huhitaji wakili ili ulisome. Nakala ya Kiswahili ipo kwenye tovuti ya Bunge, bure. Utatumia bando la simu tu. Ukiifungua, nenda moja kwa moja Ibara ya 44.

Hapo utaona kwamba anayetangaza vita ni Rais, na hasubiri kura ya mtu. Akishatangaza, hata hivyo, lazima apeleke nakala ya tangazo kwa Spika. Spika hushauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, yaani Waziri Mkuu, kisha huitisha Bunge ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo. Wabunge hujadili, halafu huamua kama watapitisha azimio, yaani tamko rasmi la Bunge, la kuunga mkono vita hivyo. Zishike siku hizo 14, maana ndizo za kumfikia mbunge wako kabla hajanyoosha mkono.

Kenya wamepanga vingine. Ibara ya 132 ya Katiba yao ya 2010 inamtaka Rais apate idhini ya Bunge kwanza. Kwa maoni yangu, utaratibu wao unamlinda raia zaidi.

Je, kupeleka wanajeshi nje nako ni kutangaza vita? Hapana. Ibara ya 148 ya Katiba yetu inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, madaraka ya kuyaamuru majeshi ndani au nje ya Tanzania. Wanajeshi wetu waliokwenda mashariki mwa Kongo mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa walikwenda bila tangazo la vita. Hapo Bunge hubaki na bajeti, pamoja na haki ya kumuuliza waziri maswali.

Mikataba na nchi nyingine iko Ibara ya 63. Serikali hutia saini, lakini mkataba unaohitaji kuridhiwa, yaani nchi kukubali rasmi kufungwa nao, hupita bungeni. Mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai ulisainiwa Oktoba 2022, Bunge likauridhia tarehe 10 Juni 2023. Wananchi waliitwa kutoa maoni siku chache tu kabla ya hapo, muda ambao haukutosha kwa jambo zito kiasi kile. Kwa hiyo usingoje redio ikutangazie. Pitia matangazo ya kamati kwenye tovuti ya Bunge, kisha uiandikie kamati husika kupitia Ofisi ya Katibu wa Bunge, Dodoma. Taja kifungu unachokipinga au kukiunga mkono, eleza sababu, weka jina na anwani. Ukurasa mmoja unatosha.

Msomaji wa Zanzibar, mambo ya nje na ulinzi yameorodheshwa kama ya Muungano katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Ndiyo sababu mwaka 1993 Zanzibar ilijitoa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, iliyokuwa imejiunga nayo yenyewe.

Ofisi ya mbunge mara nyingi iko jengo moja na mkuu wa wilaya au halmashauri. Nenda ukachukue namba yake ya simu wiki hii, wakati nchi ina amani.