Mwambie Jirani Kabla ya Kupeleka Ombi

Mkulima, ukiwa na hati ya shamba mkononi waweza kudhani kwamba utakalojenga humo ni shauri lako peke yako. Sivyo. Tazama Embulbul, kwenye barabara itokayo Karen kwenda Ngong. Zamani ilikuwa nchi ya malisho; siku hizi kando ya zizi la ng'ombe huota nyumba za kupanga za orofa. Mambo hayo yanazifikia hata skimu za makazi zilizo karibu na miji, basi yafaa uijue sheria mapema.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yamtaka kila atakaye kujenga, kugawa shamba, au kuligeuza kutoka kilimo likawa la biashara, apate kwanza ruhusa ya Serikali ya Kaunti. Tena yampasa alitangaze ombi lake. Kwa ombi la kubadili matumizi, desturi ni kusimamisha ubao penye shamba na kutia tangazo gazetini. Mwenye pingamizi ana siku 14 tangu kutangazwa. Aanzaye kazi bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili.

Lakini ubao si mdomo. Jirani aweza kuupita kila siku asiusome, na mwenye ploti pengine akaa Nairobi. Mpelekee mchoro nyumbani kwake kabla haujafika ofisini. Tuseme wataka kujenga vyumba vya kupangisha, na shimo la maji machafu umeliweka penye mpaka wa chini. Jirani autazama mchoro, kisha asema, "Mzee, kisima changu kiko hatua 30 tu kutoka hapo, na ng'ombe wangu hunywa humo." Kulihamisha shimo juu ya karatasi ni kazi ya kifutio. Likiisha kuchimbwa na kujengewa, utawalipa mafundi mara mbili. Na kule Kitengela, penye udongo mweusi ushikao maji, jitayarishe kujibu maji ya mvua kutoka mabati yako yatakwenda wapi.

Tembeeni pamoja mpakani. Kama alama zimepotea, usichimbe msingi kwa kukisia. Mwombeni Msajili wa Ardhi. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, yeye huwapa taarifa wenye mashamba yanayopakana kabla ya kuuthibitisha mpaka.

Jirani akikubali, andikeni: namba za mashamba, tarehe na sahihi, nawe uweke nakala. Barua hiyo siyo ruhusa. Wala akikataa hajaliua ombi lako, kwa kuwa Kaunti ndiyo iamuayo. Asiyeridhika, awe mwombaji au jirani, aweza kukata rufani kwa kamati ya kaunti ya mambo hayo kabla ya siku 14 kwisha. (Kuligawa shamba la kilimo kwahitaji pia idhini ya Bodi ya Ardhi, lakini hilo ni somo jingine.)

Nawe ukiuona ubao kwa jirani, usinung'unike kibandani kwa chai. Nakili namba ya shamba, andika sababu zako, yaani maji, njia, harufu au kivuli, upeleke ofisi ya Kaunti, na udai mhuri wa kupokelewa juu ya nakala yako.