ASKARI WA INI

Mtoto wa Ubungo alapo ugali na dagaa, damu itokayo matumboni mwake hupita kwanza katika ini. Njiani humo wamo askari, nao ni chembe ndogo alizozieleza Kupffer mwaka 1876. Kazi yao ni kumeza vijidudu viingiavyo pamoja na damu.

Ndani ya chembe nyingine za ini mna majiko madogo mno, yaitwayo mitokondria. Humo chakula huunguzwa kwa oksijeni, mwili upate nguvu.

Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walieleza habari za panya walionyweshwa pombe nyingi. Baada ya saa chache maini yao yalitumia oksijeni kupita desturi. Lakini panya ambao askari wao walinyamazishwa kwanza kwa dawa, maini yao hayakufanya hivyo. Ikajulikana ya kuwa askari ndio waliotuma habari majikoni, moto uchochewe.

Je, askari waondolewe? La. Moto ukizidi, chembe zilizo mwisho wa njia ya damu hupungukiwa na oksijeni, huweza kufa. Lakini askari wasipokuwapo, vijidudu hupita. Kilichowachochea ni pombe. Basi, na iepukwe pombe, askari wabaki zamuni.